Neno la Kumuagia Wafaa

Jumatatu, 1 Septemba 2025. Riyadh.
Mjukuu wangu Wafaa anakwenda Uingereza kusomea lugha. Atakaa miaka huyo! Anaondokea Jidda, Jumamosi. Kwetu msafiri hatoki mpaka mkubwa amwekee mkono kichwani, amwombee. Mkubwa ni mie, Mselem. Lakini Saif, babu yake wa upande wa mama, katangaza atamuaga kwa Kiingereza. Ati kafanya kazi na Wazungu bandarini! Basi nami Kiingereza, tena kizito kuliko chake. Kusoma sikusoma sana, ila kichwa ninacho.

Jumatano, 3 Septemba.
Nimempigia Wafaa. Waingereza bahati wanaiitaje? Akacheka kicheko cha marehemu bibi yake, nikasahau nilichouliza. Lipo "luck", kasema. Wataalamu wanadhani lililetwa na wacheza kamari wa ng'ambo. Kamari! Nimelifuta. Lipo "fortune", la Warumi, walikuwa na mungu wa kike wa bahati. Astaghfirullah! Nimelifuta mara mbili. Hata "happy", furaha, zamani maana yake ni mwenye bahati. Halina kamari wala sanamu. Hilo langu! Akauliza, kwani babu Kiswahili kimekwisha dukani? Mtoto hajui vita huyu.

Ijumaa, 5 Septemba.
Kutwa ndani ya basi. Nimelirudia neno langu mpaka jirani kahama kiti. Wafaa alipokuwa mdogo akilala kifuani kwangu nikimpepea. Huko kuna baridi. Hapepewi mtu.

Jumamosi, 6 Septemba. Jidda.
Uwanja wa ndege. Saif kaniwahi: "Good luck!" Nikamrukia. Hajji mzima, unamwombea mtoto kwa neno la kamari? Akanijibu, Mselem, wewe jina lako lenyewe unaliandika kwa jasho, leo mwalimu wa Wazungu? Nikamshushia Warumi wote. Nimemshinda, wallahi. Kugeuka nimwekee Wafaa mkono kichwani, keshaingia ndani. Kapunga, wanasema. Sikuona.

Jumatatu, 8 Septemba. Riyadh.
Wafaa katuma sauti. Kafika salama. Anasema alisimama nyuma yangu, kainamisha kichwa, akingoja mkono. Hakutaka neno lolote. Mkono tu.
Nimeisikiliza mpaka simu ikazima.
Nimeichaji. Nimekumbuka: siku akirudi, Saif atakuwepo kumpokea! Nimemwambia Wafaa hayo ya kichwa tutazungumza baadaye. Kwanza anijibu upesi: hili "welcome", Waingereza walilitoa wapi?