Malalamiko Kuhusu Chui Asiyekula Mbuzi

Mzee Kivuti,
Chini ya Msitu wa Hifadhi,
Karibu na Siakago.

Kwa Daktari Gatwiri,
Mtafiti wa Wanyamapori.

Mheshimiwa Daktari na binti yetu,

KUH: UTAFITI WAKO KULETWA KWETU BILA SABABU

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, na ukiwa bado hujapanda gari kuja huku tena. Mimi ni mzee wa kanisa, mfugaji wa mbuzi na katibu wa wanaume wa rika langu. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa nina hasira ambazo hata chai haijazituliza. Malalamiko yangu ni haya.

1. Watafiti tumewazoea. Huja, huuliza maswali, hunywa uji, hupiga picha na watoto, kisha huenda zao na hatuwasikii tena. Huo ndio utaratibu, na haujawahi kumdhuru mtu. Wewe ulitega kamera zako msituni mwaka mzima, ukaondoka, halafu ukarudi na majibu! Ni nani aliyekutuma?

2. Hata kama ilibidi urudi, ungetusomea kwa Kiingereza, tukapiga makofi, tukala mkate, yakaisha. Badala yake, wewe binti wa Meru ukazungumza Kimbeere, lugha yetu ya nyumbani, tena Jumapili baada ya ibada, madirisha ya kanisa yamefungwa na picha ukutani ni kubwa kuliko mchungaji. Hata shangazi yangu, ambaye miaka yote hasikii vizuri, alisikia kila kitu.

3. Ulisema mlimani kuna chui jike mmoja na mtoto wake. Ukasema umechunguza kinyesi chao ukakuta manyoya ya nyani na ya pimbi, wala si unywele mmoja wa mbuzi. Je, uliwahi kufikiria sentensi hiyo itafika nyumba za watu? Tangu enzi za babu zetu, mbuzi wa huku akipotea huwa ameliwa na chui. Wenzangu wa rika ni mashahidi. Mara nyingi tumekuwa pamoja kule juu, na tumeona kwa macho yetu mbuzi akitoweka. Ulipomaliza tu, Wambura, mke wa rafiki yangu Antony, alisimama mbele ya waumini akauliza, “Daktari, sasa kama si chui, hiyo mbuzi yangu ya mabaka ilienda wapi?” Ulimtazama Antony, na kanisa zima likamtazama Antony.

4. Hili ndilo limeniumiza zaidi. Ulionyesha picha ya wanaume watano wameketi kwenye mwamba ndani ya hifadhi, kando ya moto. Nakushukuru kwa kuzifunika nyuso. Lakini kofia, Daktari! Hukuifunika kofia. Kofia ile ya sufu, nyekundu na kijani, ilifumwa na mke wangu Wawira, na haina pacha kutoka hapa mpaka Embu. Tangu siku hiyo napewa chai ya rangi. Nikiuliza maziwa, naambiwa yamenywewa na chui.

5. Kwa kuwa maneno yakishatoka hayarudi, naomba moja kati ya mambo mawili. Ama urekebishe utafiti, chui apewe mbuzi wachache tu, hata wale wazee. Au uniunge mkono Alhamisi, maofisa wa hifadhi watakapokuja kusikiliza ombi letu, sisi wanaume, kwamba chui huyo na mtoto wake wategwe wapelekwe mbali. Mnyama asiyetaka kubeba lawama ana faida gani kwetu? Akiondoka hatakuwepo wa kuchunguzwa, na amani itarudi nyumbani.

Wasalimie wazazi wako huko Meru, wanafunzi wako wote, na yule dereva wako aliyecheka mpaka akatoka nje.

Ni mimi, mpenda mazingira,
Mzee Kivuti.

Tanbihi. Daktari, ni mimi Wawira. Mzee amenipa barua niipeleke posta nikienda sokoni, na bahasha haina gundi. Usirekebishe chochote. Sisi wanawake tulijua kitambo, maana sijaona chui wa kula mbuzi akachuna ngozi vizuri na kuianika. Tulikosa picha tu.

Lakini hiyo ya Alhamisi si mchezo, na ninaogopa. Mimi ndiye hushinda shambani nikifukuza nyani kwenye mahindi na ndengu, mpaka sauti inakauka. Kabla hujaja sikujua kuna mwenzangu huko juu ananisaidia. Akitolewa, nyani watatumaliza, na watoto watakula nini? Tafadhali njoo Alhamisi na picha zote, na ile ya kofia iwe ya kwanza. Akina mama wote wa kanisa tutakuwepo. Na maofisa wakishikilia kwamba lazima mla mbuzi ahamishwe, waambie wasihangaike kubeba mtego. Nguo zake tutamfungashia sisi wenyewe.