Mkanda Uliokutana kwa Nyuma

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji yangu kinyozi anaumwa mkanda wa jeshi. Malengelenge ubavuni, maumivu kama moto. Hospitali imemwingiza kwenye utafiti: vidonge vya kuua makali ya virusi, pamoja na sindano ya kuongeza kinga ya mwili. Vyote viwili! Mke wangu anamsifu kaka yake tangu asubuhi, utadhani dawa kaivumbua yeye. Mimi, fundi cherehani, sina hata mafua. Haki iko wapi? Kinga ikiongezwa, mtu si anakuwa chuma? Naitaka sindano ile!

Jumanne, 4 Machi
Akili ni nywele, na zangu ni msitu! Nimejifungia chumba cha kupimia nguo na rangi ya midomo ya mke wangu. Nimejichora malengelenge. Ugonjwa unaitwa mkanda, basi nikauzungusha kiuno kizima, kwa futi, usipinde. Kazi safi! Nilijionea huruma mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Daktari kaniambia nigeuke. Nikageuka. Akaita wauguzi nao waone. Nikajua nimeshinda! Kumbe virusi hivi hufuata njia ya mshipa mmoja wa fahamu, na mkanda wa jeshi kwa kawaida hukaa upande mmoja tu wa mwili.
“Wako umekutana kwa nyuma, baba,” akasema. “Tena unanukia stroberi.”
Wauguzi walicheka mpaka wakashikana. Daktari akauliza kama niliwahi kuugua tetekuwanga. Sijawahi. Basi akanionya nisiguse malengelenge ya shemeji: virusi ni vilevile, nitaipata.
Asante, daktari! Umenionyesha njia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kumpa pole shemeji. Nimemkumbatia. Nimemkumbatia tena. Nikaomba nimbadilishie bendeji kwa mikono yangu. Mke wangu machozi yalimlenga, akasema hakujua nina moyo mwema hivi. Sikubisha. Sifa hazirudishwi.

Alhamisi, 20 Machi
Vipele! Homa! Tetekuwanga halisi, pande zote! Nimekwenda hospitali nikiimba. Daktari akasugua kipele kimoja kwa pamba ya spiriti. Hakikufutika! Nikanyoosha mkono nipigwe sindano.
Akanipa vidonge tu. Sindano, anasema, ni ya wenye kinga dhaifu. Kinga yangu ni ya ng'ombe dume.

Ijumaa, 21 Machi
Nawashwa mpaka kwenye nyayo. Shemeji kaja kunikata kucha nisijikune, kanipaka losheni mgongoni. Akasema taratibu kwamba kinga yake ilidhoofishwa na dawa za figo anazomeza tangu mwaka juzi. Alikuwa akiogopa kufa. Hakutaka dada yake ajue. Nikamwomba anipake na begani.

Jumanne, 25 Machi
Nimepata nafuu! Muuguzi kanidokeza kwamba kitengo cha macho kinatafuta watu wasioona vizuri, wajaribu miwani ya kisasa kabisa. Kisasa kabisa!
Leo nimegonga mlango wa kabati mara mbili, kwa mazoezi.