Nyuzi Kumi na Nne

Jumatatu, 24 Julai

Barua! Siyo ya umeme, siyo ya kodi. Kadi ya Fusae, mwandiko wake uleule wa kulalia kushoto. Nimeisoma mara nne nikiwa nimesimama mlangoni, mara mbili nikiwa nimeketi, na mara moja jikoni, ambako dada yangu Nobuko aliniuliza kama nimefiwa.

Anakuja Alhamisi, kwa basi la saa nane. Miaka arobaini na mmoja tangu ahamie Sapporo! Mumewe alifariki miaka sita iliyopita (nilituma rambirambi, niliiandika upya mara tisa). Anasema anataka kuamua kuhusu nyumba ya wazazi wake hapa Menashinai: aikarabati arudi kuishi, au aiuze. Na kabla ya kuamua anataka kuogelea tena kwenye ufuo wetu, kama zamani tulipokuwa na miaka kumi na tisa.

Hapo ndipo penye tatizo. Nimeshuka ufuoni kusoma ubao wa joto la maji. Maji: nyuzi kumi na nne. Kamati ya kijiji haifungui ufuo kwa waogeleaji mpaka yafike kumi na nane. Mwaka juzi yalifika kwa siku tano tu. Mwaka jana siku tatu, na mbili kati ya hizo ilinyesha.

Mwenye kipimajoto ni Oikawa Teruo: mwenyekiti wa kamati, msimamizi wa bendera ya kuruhusu uvunaji wa mwani, mgane mwenye meno yake yote. Nilimwuliza kwa upole kama kumi na nne haiwezi kuhesabiwa kumi na nane kwa ajili ya mgeni maalumu. Akauliza mgeni gani. Nikajibu hakuna mgeni. Akasema basi ni kumi na nne.

Ni lazima maji yapate joto. Siku tatu zinamtosha mtu mwenye akili. Fusae akikuta bahari ya kumkata miguu atauza nyumba, na mimi nitabaki nikihesabu majira ya baridi na dada yangu. Sitaki aondoke tena. Basi, nimeandika.

Jumanne, 25 Julai

Mpango wa kwanza: birika la maji ya moto.

Oikawa hupima saa tatu asubuhi. Anateka ndoo kwenye gati, anaiweka chini, anatumbukiza kipimajoto, kisha anageukia upande mwingine kuvuta sigara akisubiri. Dakika tatu nzima za mgongo! Nilijibanza nyuma ya mashua iliyopinduliwa, birika mkononi. Nia ilikuwa kumimina kikombe kimoja tu. Kifuniko kikachomoka. Maji yote yakaingia.

Oikawa aliinua kipimajoto, akakitazama, akakipangusa, akakitazama tena. Thelathini na tisa. Hakunitupia jicho hata mara moja. Alikwenda kwenye ubao akaandika kwa herufi kubwa: BAHARI INA HOMA. MORIO AITWE AIKANDE. Gati zima lilicheka mpaka saa sita. Bibi Kiyono wa nyumba ya pili aliniletea kitambaa chenye maji, ati niiwekee bahari kwenye paji la uso.

Kibaya zaidi, Oikawa kashajua mgeni ni nani. Nobuko ndiye kamwambia. Anasema aliulizwa, na yeye si mwongo kama watu fulani. Eti Oikawa aliuliza kama Fusae bado anapenda ngisi wa kuchoma. Anakumbuka mpaka chakula chake! Na jioni nimemwona anaanika koti lake la sherehe.

Nimefungua madirisha ya chumba cha hapa kwetu atakacholala. Nikalala kwenye mkeka wake dakika kumi ili nione atakachokiona. Mawe, maji, anga. Alipohama niliamini atarudi baada ya wiki moja. Wiki ile ilikuwa ndefu sana.

Jumatano, 26 Julai

Kumi na tano. Yanajitahidi, maskini.

Nimebadili mkakati. Kama maji hayapati joto, basi angalau ufuo uwe wetu wawili. Kesho bendera nyeupe ikipanda alfajiri, mashua zote zitatoka kuvuna mwani, na mawe yote ya ufuoni yatafunikwa na mwani wa kukaushwa. Hakutakuwa na pa kukanyaga. Na siku ya bendera kila mwenye mikono huitwa kuanika, hata mgeni. Fusae atashuka kwenye basi akabidhiwe glavu! Na nani atasimama karibu yake kumwelekeza? Oikawa, na koti lake.

Lakini bendera haipandi kama mvua inakuja, kwa sababu mwani ukinyeshewa siku ya kwanza umekwisha. Na goti langu la kushoto, naandika bila majivuno, halijakosea mvua hata mara moja tangu nianguke kwenye barafu. Redio hukosea. Goti halikosei. Oikawa mwenyewe hupita hapa jioni kuuliza linasemaje.

Leo amepita saa kumi na moja. Nilichechemea mpaka mlangoni nikishika ukuta. Nikamwambia linagonga ndani kwa ndani, kesho itanyesha ya kubeba mawe. Goti lilikuwa zima kabisa. Oikawa akatazama anga safi, akatazama goti, akalivulia kofia. Kesho hakuna bendera!

Nobuko alikuwa anakata figili. Alisema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia akate figili.

Alhamisi, 27 Julai

Jua! Jua la kuchoma kisogo toka alfajiri hadi jioni, bila hata wingu moja la kusingizia. Kaya thelathini na mbili zimekaa vibarazani zikiitazama siku nzuri kuliko zote za kuanika mwaka huu ikipita bure. Bibi Kiyono alisimama mbele ya mlango wangu akauliza kwa sauti goti lenyewe ni la mguu upi, ili asije akakosea na nyundo.

Saa nane basi likafika. Fusae akashuka. Nywele zimekuwa nyeupe, kazikata fupi. Mwendo ni uleule, wa mtu anayechelewa mahali pazuri. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikasema: basi limewahi. Akacheka, akasema nimezeeka vizuri. Kisha akavuta pumzi ya ufuo, machozi yakamlengalenga, akasema Sapporo hakuna harufu hii. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nimeishi ndani ya harufu hii miaka yote nikimkumbuka yeye. Nikambebea begi.

Wakati wa chakula aliuliza kwa nini siku ya jua namna hii hakuna mwani hata mmoja kwenye mawe. Nobuko akamwongezea wali, akasema: "Liulize goti." Mimi nikaeleza habari za mabadiliko ya hali ya hewa duniani. Halafu nikamshauri asubiri kuogelea mpaka Jumamosi, maji yatakuwa yamepanda, nina hakika.

Alinitazama kwa muda. Akauliza kama bado naogopa. Nikauliza naogopa nini. Akaomba chai.

Ijumaa, 28 Julai

Bendera imepanda saa kumi na nusu alfajiri. Hakuna aliyeuliza habari za goti. Kamati imeniadhibu: nianike peke yangu safu yote ya mbele, yenye mawe makubwa, kufidia jana. Mwani mmoja una urefu wa watu wawili. Unateleza, na upepo ukivuma unakuzaba kofi.

Fusae alikuwa amefika kabla yangu! Kavaa buti za Nobuko, kajitanda taulo kichwani, anatandaza mwani mmoja mmoja, umenyooka, bila kukunjamana. Mikono yake haijasahau kitu. Oikawa alikuwa kulia kwake, bila koti. Alikuwa akimtania kwamba hiyo mikono ya mjini itatoka malengelenge. Fusae akamjibu, "Hebu nitokee hapa, babu, safu yako imepinda!" Nilikuwa hatua thelathini kutoka kwao. Nilisikia kila neno huku nikizabwa makofi.

Saa nne kazi ikaisha. Fusae akavua buti, akavua suruali ya kazi. Kumbe ndani alikuwa na vazi la kuogelea tangu alfajiri. Akaelekea majini moja kwa moja. Oikawa akapiga kelele kwamba ufuo haujafunguliwa. Fusae hakugeuka. "Mimi nimezaliwa hapa, Teruo. Anifungie nani?" Maji ya magoti. Ya kiuno. Akapiga ukelele mmoja, akazama, akaibuka anacheka, mashavu mekundu.

Akaniita. "Morio! Njoo!"

Nikamwambia subiri, nipime kwanza. Ndivyo nilivyosema! Nikakimbilia kipimajoto. Kumi na tano. Nikamtangazia. Akaniita mara ya pili. Nikamwambia labda mchana, baada ya jua kupanda. Mara ya tatu aliniita kwa sauti ndogo, na hapo Oikawa, mwenyekiti wa kamati, akaingia na suruali yake ya kazi, mayowe juu, akivunja sheria aliyoitunga mwenyewe.

Baadaye tulikaa kwenye kibanda cha kuotea moto. Midomo ya Fusae ilikuwa ya bluu, kikombe kinamtetemekea mkononi. Nikamwambia nasikitika, maji hayakuwa kama zamani tulipokuwa tukiogelea pamoja. Akaniangalia kwa upole. Afadhali angenitukana. Akasema hatukuwahi kuogelea pamoja hata siku moja. Yeye alikuwa akiogelea, mimi nilikuwa nikikaa juu ya mwamba kulinda nguo zake, nikiahidi nitaingia kesho. Siku ya mwisho kabla ya kuhama aliniita majini kwa sababu alikuwa na jambo la kuniambia. Nikasema kesho.

"Safari hii nilikuja nione kama utaingia," akasema.

Nikauliza jambo lenyewe lilikuwa nini. Akasema lilikuwa la kusemwa majini.

Nobuko, akikusanya vikombe, alisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamjibu mimi sijavua hata soksi. Akasema ndiyo maana yake.

Jumamosi, 29 Julai

Basi la saa nne. Oikawa alileta ngisi wakavu waliofungwa vizuri kwenye karatasi. Mimi nilibeba begi.

Fusae amesema hauzi bado. Lakini hakarabati pia. Atakuja tena mwakani, siku hizihizi, na hapo ataamua moja kwa moja. Alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa bado vinanuka mwani. Akasema: "Mwakani, Morio, usipime."

Basi likapinda kwenye kona ya ghala. Nilibaki nimesimama kituoni mpaka basi la saa nane lilipofika. Dereva akaniuliza kama napanda.

Jumapili, 30 Julai

Nimewaza tangu asubuhi, na hatimaye nimeelewa! Usipime, alisema. Bila shaka. Mwanamke hataki namba, anataka joto lenyewe!

Nitachimba bwawa ufuoni, juu kidogo ya pale maji yanapofikia yakijaa. Upana wa mikeka kumi na miwili. Chini natandika plastiki nyeusi, naingiza maji ya bahari kwa mfereji, jua linafanya kazi yake. Kwa hesabu zangu, nyuzi ishirini na sita. Bahari ileile, bila ubaridi wake! Hata mimi nitaingia, siku ya pili au ya tatu. Nobuko alitazama mchoro wangu pande zote mbili, akaenda kulala mchana kweupe.

Saa tisa nikampigia Fusae simu. Nikamweleza yote, pamoja na kina cha mfereji. Nikamwambia mwakani hatatetemeka hata kidogo, wala hatahitaji kuita mtu mara tatu. Akanyamaza. Akanyamaza muda mrefu, mpaka nikasikia magari ya Sapporo yakipita chini ya dirisha lake. Kisha akasema safari imemchosha, niwe na jioni njema, akakata.

Furaha ilimkaba koo, maskini. Sijawahi kumfurahisha mtu kiasi kile.