Senene wa Mwalimu Kagaruki

Jumamosi, 7 Desemba
Likizo. Nimefika Izigo, begi bado liko mgongoni, Mama ananiambia kama mtu anayeomba apewe chumvi: Mwalimu Kagaruki anahama. Mwanawe anakuja Jumamosi ijayo kumchukua kwenda Mwanza. Kabisa. Harudi.

Nimekaa jikoni. Sikula.

Mwalimu ndiye aliyenifundisha gitaa, barazani kwake, tangu niko darasa la tano. Tangu apigwe kiharusi mkono wake wa kushoto umelala mapajani kama paka wa jirani. Hata hivyo aliendelea kunifundisha kwa mdomo: kidole cha pete, Edvina, kishushe. Na mimi sijawahi kumwambia asante. Hata mara moja! Nikimkaribia nayo, koo linafunga. Joviana wa Miembeni, aliyenifundisha mkono wa kulia nilipokwenda kusoma Bukoba, nilimshukuru kwa Kiingereza, kwa meseji. Thank you ni nyepesi, nampa hata kondakta. Asante ya Mwalimu ni nzito.

Nimeapa. Kabla ya Jumamosi atashukuriwa. Bila mimi kufungua mdomo.

Jumapili, 8 Desemba
Kanisani wamemuaga. Dastan, mwanafunzi mwingine wa Mwalimu, akasimama bila kuitwa. Dastan! Anajua nyimbo mbili, na zote mbili ni moja. Akashukuru kwa Kiswahili, akashukuru kwa Kiingereza, akamalizia kwa Kihaya, kasinge waitu, akina mama wakapiga vigelegele. Mwalimu akajifuta macho kwa mkono mmoja.

Mchungaji akauliza kama kuna mwingine mwenye neno. Nikasimama, na gitaa langu, nyuma ya kwaya. Watu wakageuka. Nikaanza kupiga wimbo wa sadaka. Sadaka ilikuwa imeshatolewa! Wazee wakaanza kupapasa mifuko upya, na mmoja akanung'unika kwamba kanisa hili sasa limezidi.

Joviana alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. Wewe mtoto, asante si jino, haitoki na damu. Rahisi kwake. Anauza simu, anaongea na watu mchana kutwa.

Jumatatu, 9 Desemba
Mpango! Nashangaa mwenyewe nina akili kiasi hiki. Senene.

Mwalimu anapenda senene kuliko nyama. Tangu mkewe Magdalena afariki hakuna aliyemnyonyolea, na kwa mkono mmoja hawezi mwenyewe. Nimekaa uani tangu asubuhi nang'oa mbawa na miguu mpaka vidole vikanata. Nikawakaanga taratibu. Chumvi, kitunguu kidogo. Nikawafunga kwenye jani la mgomba lililobabuliwa, nikakaza kwa fundo la zamani alilonifundisha marehemu Bibi. Mfuko wa dukani ungekuwa dharau.

Mwalimu alipolala mchana, nikaweka mlangoni kwake. Nikakimbia kupitia kibanja chetu, kanga moja nikaiacha kwenye migomba. Atajua ni mimi. Nani mwingine?

Jumanne, 10 Desemba
Mae!

Mama ametoka bombani na habari. Kuna mwanamke amempelekea Mwalimu Kagaruki senene. Tena amewafunga kwa fundo la wake wa zamani! Kwetu hapo kale mke ndiye aliyemwandalia mumewe senene hivyo, na mume akajibu kwa nguo mpya. Mgane akiletewa, hakuna anayeuliza maana yake.

Na mimi nilijua! Niliandika insha juu ya jambo hilo shuleni, kwa Kiingereza, ikasomwa mbele ya darasa. Kwa Kiingereza yalionekana mambo ya watu wa mbali.

Anayeshukiwa ni Ma Benadetha, mjane, jirani yake Mwalimu. Amekana. Amekana kwa nguvu hadi bomba zima limeamini ni yeye.

Jumatano, 11 Desemba
Nilikwenda kukiri. Nikamkuta amenyoa ndevu. Amevaa koti la Krismasi, ananukia sabuni.

Akaniambia amempigia mwanawe simu, asije. Mtu si gunia la maharage la kupakiwa kwenda Mwanza wakati yupo anayemfikiria hapa hapa Izigo. Halafu akasema, macho yake yakiwa barabarani, kwamba tangu Magdalena aondoke alikuwa anakula tu. Juzi alilishwa.

Akasema piga. Nikapiga. Kidole cha pete, Edvina. Nikamaliza wimbo, nikafungua mdomo nimwambie. Kilichotoka ni kumuuliza kama nimwekee chai. Akasema tusubiri kidogo, huenda akaja mgeni.

Tulisubiri. Hakuja mtu.

Nimelia njia nzima. Karibu na nyumbani nikapata mpango mwingine. Kama mwanamke hayupo, atafutwe!

Alhamisi, 12 Desemba
Ma Benadetha alikuwa uani anageuza kahawa yake juani. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikaanza. Mwalimu ni msafi. Hanywi lubisi wala pombe nyingine. Meno yake mengi bado yapo.

Akaacha kahawa. Akauliza namuuzia mtu au mbuzi.

Kisha akaketi, akaniambia polepole, kwa Kihaya, kama anavyoambiwa mtu mzima. Mwezi uliopita Mwalimu alianguka karibu na tanki la maji. Hakuweza kuinuka. Alilala pale kwenye tope mpaka Dastan alipokuja kumchotea maji. Kumbe Dastan humchotea kila asubuhi! Hajamwambia mtu. Shule zikifunguliwa Dastan anahamia shule ya bweni, na yeye Benadetha ana magoti haya, hawezi kumwinua mwanaume. Mwache mzee aende kwa mwanawe, mwanangu. Huyo aliyemletea senene anadhani anampenda. Anamuua.

Nikamsaidia kugeuza kahawa.

Ijumaa, 13 Desemba
Mwalimu akaniita. Mezani kuna kitenge kipya, cha bluu, bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani. Akaomba nimpelekee Ma Benadetha, kimyakimya. Ananiamini, akasema, maana mimi sina mdomo. Alikuwa na haya kama kijana wa kwaya.

Nikasema. Kweli nilisema! Mwalimu, wale senene ni wangu mimi.

Hakusikia. Ikabidi nirudie.

Akauliza, na lile fundo? Nikasema Bibi. Akaitikia kwa kichwa. Akakifungua kitenge, sijui kwa nini, akataka kukikunja tena kwa mkono mmoja. Kikafunguka. Akajaribu. Kikateleza chini. Sikusogea kumsaidia. Ningesogea ningelia, naye angeona.

Kisha akauliza, kwa upole kabisa, sababu iliyonifanya nimletee.

Hapo ndipo. Mlango wazi. Neno moja tu, hata mtoto mchanga analisema akipewa pipi.

Nikasema walikuwa wamebaki.

WALIKUWA WAMEBAKI!

Akacheka kidogo. Akasema kwa mabaki, walikuwa watamu sana. Akaomba nimshikie simu, apige kwa mwanawe. Nikaishika. Akamwambia aje kesho, kama walivyopanga. Akamwambia alikuwa anatania tu.

Jumamosi, 14 Desemba
Ameondoka.

Watu walijaa. Dastan alibeba masanduku yote, hata yaliyokuwa na wa kuyabeba. Ma Benadetha alileta ndizi za njiani na akatangaza kwa sauti kwamba ni ndizi tu, na msinitazame hivyo. Hata Mwalimu alicheka.

Alipokuwa ameshaketi garini akauomba mkono wangu wa kushoto, dirishani. Akapitisha dole gumba kwenye ncha za vidole vyangu, kimoja kimoja. Zina sugu. Ndivyo alivyokuwa akikagua zamani kama nimefanya mazoezi. Akasema vizuri. Hilo tu. Akavikunja vidole vyangu, akanirudishia mkono wangu.

Gari likatoka. Lilipofika konani, koo likafunguka. Nikapiga kelele, asanteee! Kwa nguvu zangu zote. Vumbi tu. Ma Benadetha, aliyekuwa amesimama mbele yangu, akageuka akasema karibu mwanangu, ingawa sijui nimekupa nini.

Dastan alilia mbele ya kila mtu. Nikampa leso yangu. Leo simchukii. Kesho tutaona.

Jioni nilipiga gitaa mpaka Mama akaniambia nipumzishe nyuzi. Baraza la Mwalimu linaonekana kutoka kwetu. Kiti wamekiacha.

Jumatano, 18 Desemba
Mwalimu kapiga simu. Mama akanibandika simu sikioni kabla sijakimbia. Mwalimu akauliza kama nina neno. Nikasema Izigo mvua inanyesha. Akasema Mwanza ni jua tu. Wanampikia vizuri, akasema, ila kila kitu wanakitia nyanya. Alikuwa anasubiri. Nilimsikia kabisa akisubiri. Nikarudia habari ya mvua.

Alipokata nilijifungia chumbani. Sauti yake imekuwa ya mtu anayeishi kwa watu.

Lakini Krismasi hiyo inakuja! Nimekaanga kahawa yetu, nimeitwanga mwenyewe, nimeifunga kwa karatasi na gundi. Hakuna fundo popote. Nimekwenda nayo Muleba mjini kumtumia Mwalimu kwa basi. Mpokea mizigo akagoma. Kifurushi hakipandi bila jina la mtumaji, dada. Akauliza jina. Akauliza tena, kwa sauti, na foleni yote ikaacha mambo yake ikanitazama. Nikatafuta langu. Halikutoka.

Nikasema Benadetha.

Akaandika kwa herufi kubwa. Basi limeondoka na mzigo, nimeliona kwa macho yangu. Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi, mara ya kwanza tangu likizo ianze.