Wajane Wawili, Mstari Mmoja

Jumatatu, 10 Machi 2025

Leo ni miezi saba na siku nne tangu nitoke Kimilili. Mgongo unauma. Kazi ni ile ile hapa Kombewa, duka la uchapishaji la Mama Lornah: kubeba maboksi ya karatasi, kukunja programu za mazishi, kuchota maji. Gordon, mtu wa kompyuta, amekwenda kwa wakwe zake Luanda Kotieno mpaka Ijumaa. Nimemwambia Mama Lornah hiyo kompyuta naijua. Miezi saba nimesimama nyuma ya Gordon, ni nini sijaona? Amekubali. Nikiweza, ananitoa kwa maboksi kabisa. Nikiharibu, nisimtajie kompyuta tena.

Programu ni ya marehemu Mzee Ooko, anazikwa Jumamosi. Wajane wawili wamekuja wenyewe, wakakaa kila mmoja na mwisho wake wa benchi. Sharti lao ni moja: majina yakae mstari mmoja, asiwepo wa juu wala wa chini. La sivyo Mama Celestine, mke mdogo, haji kaburini, na watoto wake hawaji.

Jumanne, 11 Machi

Nimehesabu. "Mama Akello, Mwalimu Mkuu Mstaafu": herufi 28. "Mama Celestine, Mhazini wa Kanisa": herufi 28. Sawa kabisa! Nikaandika. Akello amezidi kwa upana wa kidole. Nimehesabu mara tatu. Nimebeba matofali miaka sita, na matofali 28 ni matofali 28. Hapa M moja imenenepa kuliko i tatu. Nani aliruhusu hii?

Nikamsukuma Celestine kwa kile kitufe kirefu cha nafasi, mara kumi na moja. Nikavuta uzi wa fundi juu ya kioo cha kompyuta. Wamelingana. Nikanyoosha programu nzima hivyo hivyo, mstari kwa mstari. Kidole gumba kimevimba.

Alhamisi, 13 Machi

Gordon amepiga simu. Nikamweleza yote. Akacheka sana.

"Omera, ndugu yangu, herufi si matofali."

Eti nafasi hazipimi kitu. Eti kompyuta ya chumba cha mashine, ile inayochapisha, haina mwandiko wa herufi niliochagua, itaweka wake, na kila mstari utahama. Nitoe nakala moja kwanza nione. Wivu mtupu. Nimetoa mia tatu kwa mpigo, nikazikunja bila kuzisoma. Kazi iliyopimwa kwa uzi unaisomea nini?

Ijumaa, 14 Machi

Mwandiko wa ile kompyuta ni mpana. Akello amejaza mstari wote. Celestine ameanguka chini yake, peke yake. Mwaka wa kuzaliwa wa marehemu umeshuka mpaka kwenye sala ya kufunga.

Mama Akello, mke mkubwa, alisoma polepole, akasema yeye hana neno, kompyuta imejiamulia. Mama Celestine aliirudisha programu mezani, akaniuliza:

"Simiyu, baba, uliniona nikiolewa chini ya nani?"

Akatoka. Mama Lornah hakuniangalia hata mara moja.

Gordon alishuka kwa bodaboda saa tisa. Akafuta nafasi zangu zote. Akachora jedwali la vyumba viwili sawa, kila mjane na chumba chake, jina katikati, kisha akazificha kuta. Dakika tano. Mama Celestine akaitwa kutoka sokoni, akasoma akiwa amesimama. Akasema sasa hilo ni boma. Nikakunja mia tatu nyingine.

Jumapili, 16 Machi

Mzee amezikwa vizuri, wajane wote wawili wakiwa mbele. Mama Lornah amesema mimi ni maboksi na maji.

Nimefikiri sana na kosa nimeliona. Sikuhesabu koma. Ukihesabu na koma ni 29 kwa 29, kila kitu kinalingana. Caren wa saluni hapo jirani anataka kadi za harusi, zenye majina ya wazazi wa pande zote mbili. Nimemwambia asimsumbue Gordon, nimeanza kuhesabu. Mke wangu Nanyama nimempigia simu nikamwambia ajiandae: narudi tarehe 23 Desemba, na nitakuwa mtu wa kompyuta.