Mganda wa Bwana Garrod

Jumatatu, 20 Agosti 1883

Mpendwa Susannah,

Unga uliouacha umebaki konzi moja. Siugusi. Kila mavuno ulichanganya wa zamani na mpya, mkate wetu usikatike. Mwaka huu nitachanganya mimi, nimeapa! Tatizo ni ule mganda mmoja unaoachwa katikati ya shamba la Bwana Garrod, tunaouita “askari”. Akiwapo, hakuna ruhusa ya kuokota masazo, yale masuke yanayoachwa na wavunaji. Akiondolewa, kengele hulia na kijiji kizima huingia. Bi Kezia mbele. Ndiye malkia wa waokotaji tangu tukuzike. Mikono kama reki!

Jumanne, 21

Nimemuuliza mwalimu hili neno letu la kuokota masazo, “glean”, lilitoka wapi. Akasema lilikuja na Wafaransa, nao walilirithi kwa watu wa kale sana. Siku hizi hata habari huokotwa hivyo, akasema, punje kwa punje. Nikawaza utepe wako. Kifungo cha koti la buluu. Kikohozi chako cha asubuhi. Nikaondoka bila kumuaga.

Njiani, wazo! Nitamwondoa askari mwenyewe, alfajiri. Niokote peke yangu.

Jumatano, 22

Nimemwondoa kwa toroli. Likanasa mtaroni. Nikaketi kidogo, mganda kifuani. Ulinukia kama aproni yako. Nikaota tuko shambani, wewe mbele, unaniambia nisiburute miguu.

Kuamka: kengele ya saa mbili! Wameona askari hayupo, wameingia wote. Kabla sijajinasua, halikubaki suke. Bi Kezia akanichungulia mtaroni.

“We Thurlow! Umeoa tena, na hukutualika?”

Wanawake walicheka hadi wakakaa chini. Bwana Garrod akaja kuchukua mganda wake. Akanipangusa mabua begani, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 23

Bi Kezia kaja na bakuli la unga. Ngano yake ya jana, keshaipura na kuisaga. Akasema nipokee, nisimtolee macho, ni Susannah aliyemfunza kuinama. Akasema pia ningengoja kengele kama binadamu wenzangu ningepata mara tatu ya hiyo.

Nimechanganya na konzi yako. Nimeoka mkate. Umeungua upande mmoja. Nimekula upande huo kwanza, dirishani, pale ulipokuwa ukikaa.

Ijumaa, 24

Askari sasa yuko shamba la kanisa. Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa toroli. Kesho nitambeba mgongoni.

Nikisinzia tena mtaroni, usiniamshe haraka. Nikumbuke tu.

Obadiah wako