Tanki la Milo Kumi na Mmoja

Jumatatu, 12 Mei

Vita vimetangazwa. Mama mkwe wangu, Argia, katangaza mezani leo mchana, upawa wa mchuzi mkononi. Amechoka na banda lake la zamani la nguruwe kugawanywa kwa chaki: upande wa dirisha mimi na pikipiki yangu, upande wa mlango shemeji yangu Oddone na ya kwake. Kila siku nani kachukua spana ya nani. Basi. Tarehe 15 Juni kuna mbio za pikipiki kule bondeni. Mtu wa nyumba hii atakayetangulia kwenye mstari atapewa ufunguo wa banda. Wengine watoe vyuma vyao kabla ya kesho yake saa sita.

Oddone kacheka. Mwaka jana alinishinda kwa sekunde mbili, na pikipiki ya dukani, ambayo bado ina vioo vya pembeni na sanduku la kupelekea mikate.

Mke wangu, Nives, kaniuliza nitafanya nini nikikosa banda. Nje ya banda mimi ni Vidmer fundi friji, ninayeingia majikoni kwa watu kupitia mlango wa nyuma. Ndani ya banda ni mtu mwingine kabisa. Huyo mtu sikubali afe.

Mpango: uzito! Injini zetu zina nguvu sawa, kwa hiyo mwepesi ndiye atakayeshinda. Nitapunguza kilo sita.

Alhamisi, 15 Mei

Sijalala vizuri. Nimetoboa mpini wa breki matundu tisa. Mpini wa klachi matundu tisa. Kikanyagio cha gia matundu sita. Nimevipima kwenye mizani ya unga ya mama mkwe kabla hajarudi kutoka sokoni. Gramu mia moja na kumi zimeondoka.

Oddone kachungulia juu ya mstari wa chaki. Kasema, "Shemeji, hiyo ni pikipiki au chujio? Ukimaliza mwazime mama achujie tambi." Kenge.

Lakini matundu ni mwanzo tu. Mzigo wenyewe ni tanki la mafuta, chuma kitupu, kilo tano. Nataka la alumini, lililogongwa kwa mkono, na bonde mahali pa kulaza kifua na tumbo mtu anapoinama. Anayejua kazi hiyo ni mmoja tu aliyebaki huku milimani: Mzee Learco. Hataki pesa. Mkewe, Desolina, anapika, na Mzee hashiki nyundo mpaka mteja amekula naye chakula cha mchana na kumaliza sahani. Chakula kimoja, saa mbili za kugonga. Tanki, kasema, litachukua milo tisa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimekula. Kapeleti, zile tambi zilizojazwa nyama, kwenye supu ya jogoo, kisha jogoo mwenyewe, kisha keki iliyolowekwa pombe. Kisha Mzee kanilaza juu ya fremu, kainama na kipande cha waya laini, kaukunja kufuata kifua changu, tumbo langu, mapaja yangu, kama fundi cherehani. Kautundika waya ukutani. Kasema tanki litanikaa mimi na mtu mwingine yeyote litamkataa. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Jumapili, 18 Mei

Padre Settimio ana rimu mbili za magnesi za pikipiki ya zamani ya mashindano, alizoachiwa na fundi mmoja alipokuwa anakufa. Nyepesi mno, unainua kwa kidole. Hakuna nyingine mkoa mzima. Anaziweka ofisini kwake, moja imeshikilia mwavuli.

Nimemwomba. Kasema atanipa nikija ibadani Jumapili nne mfululizo, mstari wa mbele, bila kutikisa mguu. Leo nimetikisa. Mahubiri dakika arobaini, nani asingetikisa? Leo haihesabiki, kasema.

Hasira zilinipeleka kwenye banda la soseji la parokia. Nimekula nne.

Jumamosi, 24 Mei

Msiba. Mlo wa tano kwa Mzee Learco.

Tatizo ni muda. Chakula cha Desolina kinachukua saa mbili na nusu, nami nimekaa pale nikisikia siku zinapita. Oddone jana kabadilisha tairi. Nani anajua anapanga nini kingine? Basi nikabuni njia. Mbwa wao, Furia, hulala chini ya meza. Kila Desolina akigeuka, kipande cha nguruwe kinakwenda chini. Sahani yangu ikaisha kabla ya zote. Nikasimama, nikasema tukagonge.

Furia naye akasimama, akazunguka mara mbili, akatapika kwenye viatu vya Mzee.

Desolina alivua aproni, akaikunja, akatoka. Mzee kasema kwa upole kwamba ameoa miaka hamsini na mbili na hajawahi kumwona akiikunja aproni mchana. Adhabu ni milo miwili zaidi, na sahani zijazwe mara mbili. Sasa ni kumi na mmoja.

Ijumaa, 30 Mei

Nives kakaa dirishani akipiga pasi huku mimi nawasha injini uani. Kasema kabureta ya pili inachelewa. Nikamwambia aniachie mambo ya mafundi. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa mbio, naye mwenyewe alishindana misimu mitatu kabla hatujaoana, lakini hiyo ni zamani, na anasikilizia dirishani na pasi mkononi.

Nimehangaika na kabureta ya kwanza saa nne. Baadaye, alipokwenda dukani, nikaigusa ya pili. Ilikuwa inachelewa. Sitamwambia.

Bolti zote sasa ni za titani. Zile zinazotakiwa na mkaguzi wa mbio kufungwa kwa waya zisilegee kapewa Nives, kwa sababu vidole vyangu siku hizi vimekuwa vinene. Ni joto.

Jumamosi, 7 Juni

Limekwisha! Mlo wa kumi na mmoja: lasanya, kisha sungura, kisha jibini laini na tini, kisha Desolina kaniuliza kama nimeshiba, na kwa kukumbuka aproni nikasema bado. Akaniletea lasanya tena.

Lakini tanki! Mzee kaliweka juani uani. Halina mshono unaoonekana. Halijafika hata kilo mbili. Kalilinganisha na ule waya ukutani, kila mkunjo, hata unywele haukupita katikati. Nikashika bonde lile kwa kiganja, nikamshukuru. Desolina kanifungia sungura aliyebaki.

Jumapili, 8 Juni

Jumapili ya tatu nimeketi kama sanamu. Nimemlilia Padre kwamba ya nne ni siku yenyewe ya mbio, na gurudumu halifungwi siku hiyohiyo. Kanitazama juu chini. Kasema naonekana mtu aliyetulia, nimejaa amani usoni. Kanipa rimu leo na kaniombea.

Alhamisi, 12 Juni

Nimejumlisha. Tanki, rimu, bolti, matundu mia mbili na kumi na manne. Jumla ya kilichoondoka: kilo sita kamili. Nimeandika ukutani kwa chaki, upande wa Oddone ili aone.

Ajabu: mizani ya bafuni imeharibika. Imenionyesha kilo sita zaidi ya zile za Mei. Nimemwonyesha Nives. Akatazama mizani, akaenda bandani, akatazama namba yangu ya chaki ukutani, akakaa juu ya ndoo na kucheka mpaka machozi. Hataki kusema anacheka nini. Ndoa ni fumbo.

Pia suti yangu ya ngozi imesinyaa. Unyevu wa kabatini. Nimeipaka mafuta ya zeituni, nikaijaza matofali, nikaitundika juani. Argia kapita, kaikuta inachuruzika, kasema anamjua mkwewe hata akiwa hayumo ndani.

Jumapili, 15 Juni

Naandika kwa shida.

Asubuhi mkaguzi alizunguka pikipiki yangu mara tatu. Watu walijaa. Mmoja alipiga picha rimu, mwingine alipapasa tanki na kuuliza ni mkono wa nani. Oddone alisimama pembeni na sanduku lake la mikate. Ilikuwa nusu saa bora ya maisha yangu.

Kisha nikavaa suti. Zipu ilipanda mpaka kitovuni ikakataa. Nikaifunga kwa kamba ya viatu nikapanda. Kuketi wima, sawa. Kuinama, hapana. Tumbo lilifika kwenye tanki kabla yangu. Lile bonde lilikuwa bonde la mtu mwingine, mtu wa Mei. Nilipogeuza usukani kushoto, mpini wa klachi ulinichoma mbavu. Mzunguko mmoja wa kupasha injini niliuendesha nimenyooka kama mtu aliyebeba mayai, upepo wote kifuani. Oddone alinipita na vioo vyake. Akanipungia mkono kupitia kioo.

Niliporudi mkaguzi kasema suti iliyo wazi haiingii mbioni. Nimembembeleza. Nimemtajia milo kumi na mmoja. Kasema anaiona.

Nilikaa juu ya tairi. Sikuona aibu kulia. Nives akaja, akaniwekea mkono begani, akaniuliza kama banda liende hivihivi. Nikasema liende. Yeye akasema mama alisema mtu wa nyumba hii, hakusema mwanamume. Akafungua begi. Suti yake ya zamani ilikuwamo, imekunjwa, imepakwa mafuta. Ilikuwamo tangu asubuhi!

Suti ilifunga. Mkaguzi akaandika jina lake palipokuwa na langu. Akapanda, akainama, akalala juu ya tanki. Mzee Learco aliapa litamkataa kila mtu. Halikumkataa. Nives alikwishagusa kabureta ya pili kwa bisibisi huku bado nafuta pua.

Mizunguko kumi. Mzunguko wa saba alimpita Oddone kwenye kona ya miti ya mierebi, kwa ndani, goti chini. Nilipiga kelele mpaka kamba ya viatu ikakatika. Alimwacha kwa sekunde tisa.

Jumatatu, 16 Juni

Saa sita kamili Argia kampa Nives ufunguo. Oddone na mimi tumebeba vyuma vyetu mpaka chini ya ngazi bila kuangaliana. Nilipoanza kusukuma pikipiki, Nives kaniambia niiache. Inamkaa yeye. Nilifungua mdomo kubisha, nikakumbuka ile kona ya mierebi, nikaufunga. Mistari ya chaki amekwishaifuta. Pia namba yangu.

Oddone kaniletea mkate wa moto, kakaa ngazini, tumeula wote. Kasema, "Shemeji, tatizo lako hukujua kupima." Sipendi kukiri, lakini hapo kasema kweli. Nimelifikiria mchana kutwa, siwezi kutulia.

Kosa lilikuwa kwenye waya. Mzee Learco alinipima mapema mno. Nimempigia simu. Tunaanza upya, tanki jipya, na safari hii atanipima kama nilivyo sasa, sawasawa, asikosee hata unywele. Kakubali. Milo tisa. Alhamisi Desolina anapika lasanya.